Shahada ya Haraka kwa Njia ya Intaneti: Yafaa au Haifai?

Shahada ya haraka ni masomo ya chuo kikuu yaliyofupishwa muda, na aghalabu hutolewa kwa njia ya intaneti. Matangazo yake huwafikia watu wengi kwa simu, nayo humwahidi mtu aliye kazini kwamba atamaliza kwa mwaka mmoja au miwili masomo ambayo kwa kawaida huchukua miaka mitatu au minne. Kwa katibu wa chama cha msingi ahadi hiyo ina uzito, kwa kuwa cheo chake na mshahara wake huenda vikategemea elimu yake. Kwa chama nacho jambo hili si dogo. Kikiombwa kulipa ada, fedha zitakazotoka ni za wanachama, nazo zimetokana na jasho lao shambani. Hivyo haifai kuipokea ahadi hiyo kwa pupa, wala kuikataa kwa dhana tu.

KUSOMA MBALI NA CHUO SI JAMBO GENI

Wanaushirika wa Tanzania walianza kusoma kwa njia ya posta tangu miaka ya 1960. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilipata hati yake mwaka 1969. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992, na Kenya ilizindua chake mwaka 2023. Kwa hiyo hakuna haja ya kubishana kama mtu aweza kuelimika bila kukaa darasani. Aweza, na wengi wamefanya hivyo. Jambo la kuuliza ni hili: muda uliopunguzwa umepunguzwa kwa njia gani?

HESABU YA SAA

Nchini Tanzania masomo ya chuo kikuu hupimwa kwa krediti. Krediti moja ni sawa na saa 10 za kazi ya mwanafunzi, yaani kufundishwa, kujisomea, kufanya mazoezi na kufanya mitihani. Shahada ya kwanza haipungui krediti 360, ambazo ni saa 3,600.

Chukuliwe mfano wa katibu awezaye kusoma saa 2 kila siku ya kazi, na saa 8 mwishoni mwa juma. Hizo ni saa 18 kwa juma. Saa 3,600 zitamchukua majuma 200, yaani karibu miaka minne. Akitaka kumaliza kwa mwaka mmoja, atahitaji kusoma saa 69 kila juma, ambazo ni karibu saa 10 kila siku, Jumapili ikiwamo. Mtu wa namna hiyo hawezi wakati huohuo kupima mazao ghalani, kuandika daftari la fedha na kutayarisha taarifa za mkutano. Ama masomo yatalegea, ama kazi ya chama itaharibika.

Hata hivyo, zipo njia za halali za kufupisha muda. Njia ya kwanza ni kutambuliwa kwa yale ambayo mwanafunzi amekwisha kuyajua. Huko Marekani, ambako shahada ya kwanza kwa kawaida huwa na krediti 120 za hesabu ya kwao, mitihani ya CLEP imewawezesha watu tangu mwaka 1967 kupata krediti kwa ujuzi walio nao. Nchini Tanzania, Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) inao utaratibu wa kutambua ujuzi wa awali kwa ajili ya kuingia chuoni. Njia ya pili ni kumruhusu mwanafunzi kufanya mtihani wa somo mara awapo tayari, bila kungoja muhula uishe. Chuo Kikuu cha Western Governors cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1997, hufuata mtindo huo, na ada yake hutozwa kwa kipindi cha miezi sita badala ya kwa kila somo.

Katibu mwenye stashahada, ambaye chuo kimekubali kumhesabia krediti 120 kati ya 360, atabakiwa na saa 2,400. Kwa saa zilezile 18 kwa juma atamaliza kwa muda wa miaka miwili na nusu hivi. Haraka ya namna hiyo ina msingi, kwa sababu kazi iliyopunguzwa ilikwisha kufanyika. Lakini chuo kinachopunguza saa bila kuuliza mwanafunzi anajua nini, kimepunguza elimu yenyewe.

JE, SHAHADA HIYO ITATAMBULIWA?

Shahada isiyotambuliwa haina faida kwa mwajiri, hata kama mwenyewe alisoma kwa bidii. Katika Tanzania mamlaka ya kutambua shahada ni TCU. Katika Kenya ni Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Mwombaji hana budi kuuliza mamlaka hiyo kwa maandishi kabla ya kulipa chochote, akitaja jina kamili la chuo, nchi kilipo, na kwamba masomo yatafanyika kwa njia ya intaneti. Jibu la wakala wa chuo halitoshi, kwa kuwa wakala hulipwa kwa kuandikisha wanafunzi.

Tahadhari hii ina sababu. Mwezi Mei 2015 gazeti la New York Times lilieleza jinsi kampuni moja ya Karachi, Pakistan, ilivyouza shahada kwa majina ya vyuo ambavyo havikuwapo. Tovuti zake zilikuwa na picha nzuri za majengo na za walimu. Nchini Tanzania, mwezi Aprili 2017, Serikali ilitangaza kuwaondoa kazini watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Suala hilo la pili halikuhusu masomo ya intaneti, lakini linaonyesha kwamba cheti chaweza kuchunguzwa miaka mingi baada ya mtu kuajiriwa.

Yafaa pia kufahamu mipaka ya shahada. Shahada ya uhasibu peke yake haimfanyi mtu kuwa mhasibu mwenye sifa kamili za taaluma. Kazi ya kuwasajili wahasibu ni ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, nayo ina mitihani yake. Ikiwa haja ya katibu ni kutunza hesabu vizuri zaidi, huenda kozi fupi au stashahada ya Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi ikamfaa kuliko shahada ya mambo ya biashara kwa jumla.

GHARAMA NA FAIDA

Ada inayotangazwa si gharama yote. Iongezwe ada ya kujiandikisha na ya mitihani, kompyuta, vifurushi vya intaneti, nauli ya kwenda kwenye kituo cha mtihani, na ada ya kurudia somo. Ada ikidaiwa kwa dola, ikumbukwe kwamba thamani ya shilingi hupanda na kushuka.

Kisha jumla hiyo igawanywe kwa nyongeza ya mshahara inayotarajiwa. Ikiwa gharama yote ni shilingi 6,000,000, na nyongeza ni shilingi 100,000 kwa mwezi, fedha zitarudi baada ya miezi 60, yaani miaka mitano tangu nyongeza ianze. Kwa kijana wa miaka 30 hesabu hiyo yaweza kukubalika. Kwa mtu anayekaribia kustaafu, ni hasara. Na kama bodi haikuahidi nyongeza yoyote, haifai kuiweka katika hesabu.

CHAMA KIKIOMBWA KULIPA

Elimu na mafunzo ni kanuni ya tano katika kanuni saba za ushirika zilizotangazwa na Muungano wa Kimataifa wa Ushirika mwaka 1995. Hivyo chama kinachomsomesha katibu wake hakikosei. Kosa ni kufanya hivyo bila utaratibu. Kabla ya kutoa fedha, mambo haya yatekelezwe:

1. Barua ya mamlaka inayothibitisha kwamba shahada itatambuliwa iwekwe katika jalada la chama.

2. Fedha ziingizwe katika makisio na kupitishwa na mkutano mkuu, ili kila mwanachama ajue.

3. Ada ilipwe moja kwa moja kwa chuo, muhula baada ya muhula, baada ya bodi kuona matokeo ya muhula uliopita.

4. Mkataba uandikwe kuonyesha katibu atakitumikia chama kwa miaka mingapi baada ya kuhitimu, na atarudisha kiasi gani akiondoka mapema.

5. Bodi iamue nani atashika kazi za katibu wakati wa mitihani, hasa ikiangukia msimu wa ununuzi wa mazao.

Katibu aliyepata majibu ya maswali haya na kuona yanaridhisha, na asome bila wasiwasi. Aliyeona chuo kinakwepa kujibu, au kinamhimiza alipe leo kwa kuwa kesho nafasi zitakwisha, azihifadhi fedha zake. Chuo cha kweli kitakuwapo hata mwaka ujao, na muhula mpya utaanza.