Kachumbari Huanzia Kwenye Kisu

Mwenye miche ya nyanya nyuma ya nyumba, tuta la vitunguu na mpilipili mbuzi kando ya bomba, ana kachumbari bora kuliko ya hoteli yoyote, mradi asiiharibu kati ya bustani na sahani. Chakula hiki hakipikwi jikoni kwa moto; ladha yake yote inategemea yanayotokea ndani ya seli za mboga kisu kinapopita.

Tazama kitunguu. Kikiwa kizima hakimlizi mtu. Ndani ya seli zake, misombo yenye salfa imetengwa na vimeng'enya, kila kimoja na chumba chake. Kisu kikivunja kuta hizo vinakutana, na mara moja inazaliwa gesi inayopanda hadi machoni na kuchokoza neva; machozi hutoka ili kuiosha. Kwa miaka mingi wataalamu waliamini kwamba kimeng'enya kimoja kinatosha kwa kazi hiyo. Mwaka 2002 watafiti wa Japani walitangaza kuwa kipo cha pili, na hicho ndicho hasa kinachotengeneza gesi ya machozi. Kisu butu huliza zaidi kwa sababu kinaponda badala ya kukata, na seli nyingi hupasuka kwa pamoja.

Mama zetu wana dawa yake. Vitunguu vilivyokatwa vyembamba hunyunyiziwa chumvi, vikafikichwa kwa vidole mpaka vilegee na kutoa maji, kisha vikasuuzwa mara mbili tatu. Chumvi huvuta maji kutoka ndani ya seli, nayo hutoka na sehemu ya ule ukali wa salfa. Kamulia ndimu kwenye kitunguu chekundu kilichooshwa hivyo, utaona zambarau yake inageuka waridi iliyokolea: rangi yake ya asili hubadilika ikikutana na asidi.

Kwa nyanya, adui ni friji. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walionyesha kwamba baridi huzima jeni zinazosaidia kutengeneza harufu ya nyanya, na hata ikitolewa nje baadaye, harufu hairudi yote. Basi ichume ikiwa imeiva na uiache mezani. Tena usitupe ule ute unaozunguka mbegu. Ndiko glutamati, chanzo cha ule utamu wa mchuzi, iliko kwa wingi kuliko kwenye nyama ya nyanya.

Pilipili nayo husingiziwa mbegu. Ukali wake, kapsaisini, hutengenezwa kwenye utando mweupe unaoshikilia mbegu; uondoe huo kama una wageni wasiozoea. Mwaka 1997 David Julius na wenzake huko California waligundua kipokezi cha neva kinachoitikia kapsaisini, kilekile kinachoitikia joto la zaidi ya nyuzi 43. Ndiyo maana tunasema pilipili inaunguza, na ubongo unaamini hivyo. Kazi hiyo ilimpatia Nobel mwaka 2021, pamoja na Ardem Patapoutian. Kapsaisini haiyeyuki vizuri katika maji, kwa hiyo aliyeungua apewe maziwa au mtindi.

Wapo wanaoona parachichi kwenye kachumbari ni anasa. Mimi naliona ni la lazima. Likopeni, rangi nyekundu ya nyanya, huhitaji mafuta ili mwili uifyonze, na nyanya yenyewe haina mafuta ya kutosha. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulipima salsa, ndugu wa kachumbari kutoka Mexico: walioila pamoja na parachichi walifyonza likopeni mara 4.4 zaidi ya walioila bila hilo.

Ukishachanganya vyote na giligilani, subiri. Chumvi ya mwisho itiwe watu wakiwa wameshanawa mikono, kwa sababu nyanya iliyotiwa chumvi mapema hutoa maji yake yote, na mezani utapeleka supu.