James Lancaster, nahodha wa Kiingereza aliyetia nanga Zanzibar

James Lancaster alizaliwa Basingstoke, kusini mwa Uingereza, katikati ya karne ya 16. Ujanani aliishi Ureno, akiwa askari na mfanyabiashara. Wareno hao hao alikuja kuwapora baharini. Mwaka 1588 aliiongoza meli ya Edward Bonaventure katika vita dhidi ya Wahispania.

Aprili 1591 merikebu tatu, mojawapo Edward Bonaventure chini ya Lancaster, ziling'oa nanga Plymouth kuelekea Bahari ya Hindi. Zilipofika Rasi ya Tumaini Jema, kiseyeye kilikuwa kimewalaza mabaharia wengi, hata merikebu moja ikarudishwa nyumbani ikiwa na wagonjwa. Ya pili, iliyombeba mkuu wa msafara, George Raymond, ilipotea katika dhoruba. Lancaster akabaki na moja tu, na huko Komoro watu wake wapatao 30 wakauawa walipokwenda kuteka maji.

Zanzibar ilimwokoa. Wareno, waliokuwa na kituo kidogo cha biashara kisiwani, walieneza habari kwamba Waingereza hula watu. Hata hivyo wenyeji waliwaletea ng'ombe, kuku na nazi, na samaki walikuwa tele. Edmund Barker, msaidizi wa Lancaster, aliandika kwamba meli za Uingereza zitakazopita njia hiyo zisiiache bandari ya Zanzibar. Waliondoka Februari 15, 1592, kaskazi ikiwa bado inavuma. Nahodha yeyote wa jahazi aendaye Bara Hindi angesubiri upepo wa kusi. Mkondo uliwasukuma hadi karibu na Sokotra, na ncha ya kusini ya Bara Hindi waliifikia Mei. Waliorudi Uingereza mwaka 1594 walikuwa wachache sana, na meli yenyewe hawakurudi nayo.

Kwa hasara hiyo, ni ajabu kwamba alipewa tena msafara. Mwaka 1595 aliteka Recife, Brazili, akarudi na mali nyingi. Mwaka 1601 Kampuni ya Uhindi Mashariki, kampuni ya biashara ya Kiingereza iliyokuwa changa, ilimkabidhi merikebu zake nne za kwanza. Katika Red Dragon, aliyopanda mwenyewe, kila baharia alipewa vijiko vitatu vya maji ya limau asubuhi ili kuzuia kiseyeye. Watu wake wakabaki na nguvu. Katika merikebu nyingine wengi walikufa, na walionusurika walidhoofika hata wakahitaji msaada wa mabaharia wake kutia nanga.

Alifanya mapatano na Sultani wa Aceh, akaacha wakala Bantam, kisiwani Java, na kurejea na shehena ya pilipili manga mwaka 1603. Mfalme James I akamtunuku cheo cha Sir. Alifariki mwaka 1618. Hata hivyo, ni mwaka 1795 tu ndipo jeshi la majini la Uingereza lilipoagiza maji ya limau yagawiwe mabaharia wake.