Mvua Imenyesha, Mtoto Bado Mfupi

Kwetu sisi watu wa redio njaa huisha siku mvua inaponyesha. Tunahesabu waliokufa, tunazima vinasa sauti, tunarudi mjini. Nami nimefanya hivyo. Juma hili naomba tumtazame yule aliyepona.

Chukueni njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984. Miaka mingi baadaye watafiti waliwapima vijana wa vijijini. Waliokuwa na umri wa kati ya mwaka mmoja na mitatu njaa ilipopamba moto walikutwa wamepungukiwa kimo kwa sentimita tano au zaidi. Tena, uwezekano wao wa kumaliza shule ya msingi ulikuwa mdogo kuliko wa wenzao, na maradhi yaliwapata zaidi.

Kwa nini wadogo? Mtoto hurefuka kama sentimita 25 katika mwaka wake wa kwanza, na kama 12 katika wa pili. Kasi hiyo haimrudii tena maishani. Mifupa ya miguu hukua kwenye gegedu, sehemu laini iliyo karibu na ncha zake. Chakula kikikosekana, mwili hufanya kama mama mwenye unga kidogo: ubongo na moyo hula kwanza, mifupa ingoje. Kuharisha kukiingia, na wakati wa njaa huingia, hata hicho kidogo hupita bure.

Mtaniuliza, mbona Waholanzi ni warefu, nao walikumbwa na njaa? Swali zuri. Majira ya baridi ya 1944 na 1945, chini ya utawala wa majeshi ya Ujerumani, mgao wa chakula magharibi mwa Uholanzi ulishuka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Hata hivyo wavulana waliokuwa tumboni wakati huo, walipopimwa na jeshi wakiwa na miaka 18, hawakuwa wafupi kuliko wenzao. Njaa yao ilidumu miezi michache tu, na vita vilipokwisha chakula kilirudi upesi, kikaendelea kuwepo. Mwili ulidai deni lake, ukalipwa. Kijijini Ethiopia mvua ilirudi, lakini lishe ilibaki haba.

Baada ya balehe gegedu hizo hugeuka mfupa mtupu, na hapo deni halidaiki tena. Msichana aliyedumaa akija kushika mimba, nyonga zake mara nyingi ni nyembamba, uzazi humtaabisha, na mtoto huweza kuzaliwa na uzito mdogo, miaka 20 au 30 baada ya mvua ile tuliyoitangaza.