Hela ya korosho na soko la hisa: ya kujua kabla hujanunua

Minada ya korosho ikishafanyika, kuna swali huwa linarudi kwenye simu ya studio. Safari hii limetoka kwa kijana wa Masasi. Malipo yake yameingia, madeni kamaliza, kabakiwa na laki tatu. Rafiki kamuunganisha kwenye kundi la WhatsApp linaloahidi hela kuzaa mara mbili ndani ya siku 30, na wenyewe wanaiita biashara hiyo "hisa". Anauliza kama ni kweli.

Hiyo siyo hisa. Hisa ni kipande cha umiliki wa kampuni. Ukiwa na hisa 100 za benki, wewe ni mmoja wa wenye benki hiyo, hata kama fungu lako ni dogo kama punje ya mtama. Kampuni ikipata faida na ikaamua kuigawa, unalipwa gawio, likiwa limekatwa kodi ya asilimia 5 kwa kampuni zilizoorodheshwa sokoni. Na bei ya hisa ikipanda, unaweza kuuza kwa zaidi ya ulivyonunua. Siku na kiasi hakuna wa kukuhakikishia. Wakubwa wanaikumbuka DECI: watu waliambiwa "wapande mbegu" wavune, mwaka 2009 serikali ikaisimamisha, na wengi walikuwa hawajavuna kitu.

Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza mauzo mwaka 1998. Kwa mkulima wa korosho si jambo geni sana, ni mnada. Bei inatokana na wanunuzi wanachotoa na wauzaji wanachokubali, ila mnada huu upo kila siku ya kazi, na badala ya AMCOS anayekusimamia ni dalali wa hisa mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana.

Tuchukue benki ya CRDB. Mwaka 2009 iliuza hisa kwa umma kwa shilingi 150 kila moja. Aliyenunua hisa 1,000 alitoa shilingi 150,000. Bei ikapanda, mwaka 2015 ikawa juu ya shilingi 300. Halafu ikaporomoka, na mwaka 2019 ilikuwa chini ya zile 150 za mwanzo. Miaka kumi, na mtaji umepungua! Aliyeuza hapo kwa hasira alipata hasara. Aliyevumilia aliiona ikipita 400 kabla mwaka 2024 haujaisha, mbali na magawio. Lakini usidhani kila hisa inainuka hivyo. Zipo zilizolala miaka na miaka.

Jambo ambalo vijana wengi hawaambiwi ni kuuza. Soko letu ni dogo. Unaweza kuweka hisa zako sokoni leo, mnunuzi asipatikane siku kadhaa, na akipatikana hulipwi saa ileile. Kwa hiyo hela ya kupulizia mikorosho, ada ya mtoto au ya matibabu isiende huko kabisa. Kwa kijana wetu, kama katika laki tatu kuna laki moja asiyoihitaji kwa miaka mitano, hiyo ndiyo ya kujifunzia. Asinunue kidogokidogo kila wiki, maana kila ununuzi una tozo.

Kuanza si kazi. Unahitaji kitambulisho cha NIDA, akaunti ya benki na namba ya simu. Dalali anakufungulia akaunti ya kutunzia hisa, au unajisajili mwenyewe kwa programu ya DSE Hisa Kiganjani. Kabla ya kutuma hata shilingi mia, hakikisha jina la dalali limo kwenye orodha ya Mamlaka. Asiyetaka kuchagua kampuni mwenyewe anaweza kununua vipande vya mifuko ya UTT AMIS. Mfuko wa Umoja upo tangu 2005, na wataalamu ndio wanaochagua pa kuwekeza. Huko nako thamani hupanda na kushuka.

Na ukibadilisha laini ya simu au benki, mjulishe dalali, kwani gawio hutumwa kwenye taarifa ulizoandikisha. Mwambie pia mtu mmoja nyumbani kwamba una hisa, na za kampuni gani. Mwenye hisa akifariki, warithi huzifuatilia kwa barua ya msimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, na hawawezi kufuatilia wasichokijua.