Kabla ya Kuwasha M35

Malori ya M35 yaliingia katika jeshi la Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1950. Yana ekseli tatu zinazovuta zote, na nje ya barabara hubeba tani mbili na nusu. Mengi yameshauzwa kwa raia, na mnunuzi akifika uani huuliza kwanza kama injini inawaka. Namwelewa. Injini ya toleo la M35A2, yenye silinda sita na ujazo wa lita 7.8, iliundwa iweze kunywa dizeli, mafuta ya ndege na hata petroli. Tatizo ni kwamba lori lililolala miaka mingi laweza kuwaka siku ya kwanza na kuua mtu siku hiyohiyo. Mimi hutaka breki zikaguliwe kabla ya mtu kugusa stata.

Breki hizi ni za mafuta zinazosaidiwa na upepo. Mguu unasukuma masta silinda, mafuta yanakwenda kwenye kifaa kilicho chini ya lori, na humo upepo wa kompresa unaongeza nguvu kabla mafuta hayajafika kwenye drumu sita. Upepo ukiisha, pedali inakuwa ngumu sana lakini breki kidogo inabaki. Mafuta yakiisha, hakuna kinachobaki, kwa kuwa M35A2 ilitengenezwa na njia moja tu ya mafuta kwa magurudumu yote. Mpira mmoja ukipasuka, au wili silinda moja ikivuja, lori zima limepoteza breki. Breki ya mkono nayo hubana shafti inayotoka kwenye gia. Kazi yake ni kuzuia lori lililokwisha simama.

Kwa hiyo fungua drumu zote. Ukikuta wili silinda moja inavuja, badilisha zote pamoja na mipira yote, maana zimezeeka pamoja. Chunguza pia aina ya mafuta. Jeshi lilihamia kwenye mafuta ya silikoni, yenye rangi ya zambarau yakiwa mapya. Hayanyonyi maji, lakini maji yakiingia hutuama sehemu za chini na kuozesha silinda. Usiyachanganye na mafuta ya kawaida ya breki. Ukitaka kubadilisha aina, safisha mfumo wote na uweke vipira vipya.

Uvujaji wa upepo unatafutwa kwa povu la sabuni kwenye kila kiungo. Honi ya kuonya kuwa upepo umepungua ikianza kulia, usiondoke mpaka mitungi ijae.

Umeme ni wa volti 24, kutoka betri mbili za volti 12 zilizoungwa mfululizo. Stata ikizunguka kwa uvivu, watu hukimbilia kununua betri. Pima kwanza: weka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye chuma cha injini, kisha mwenzako apige stata. Ikionyesha zaidi ya nusu volti, waya wa ethi una kutu. Wengine huchukua volti 12 za redio kwenye betri moja. Hiyo itachoka, nyingine itachajiwa kupita kiasi, na zote zitakufa mapema. Taa za breki zisipowaka, tazama swichi ya taa yenye vikono vitatu kabla ya kukata waya. Mara nyingi imeachwa kwenye hali ya kujificha gizani, ambamo taa za kawaida hazifanyi kazi.

Tela la M105, linalovutwa na malori haya, lina mtungi wake wa upepo na mipira miwili ya kuunganisha. Mpira wa dharura ukichomolewa, breki za tela hujibana zenyewe. Ndiyo maana tela lililotengwa hukataa kusogea, na fundi mgeni huanza kupiga drumu nyundo. Fungua koki ya kutolea maji chini ya mtungi, upepo utoke, breki zitaachia. Likiwa limeungwa na bado limebana, angalia koki zilizo nyuma ya lori, huenda zimefungwa.

Upande wa hatari ni kwamba upepo huohuo huvuja polepole usiku. Tela lililobana vizuri jioni laweza kuwa huru asubuhi, kwa hiyo vuta breki yake ya mkono na uweke kabari kwenye matairi kabla ya kulichomoa.