Saa Tuuzazo kwa Mshahara

Kila mtu aliyeajiriwa huuza kitu. Mkulima wa Dumila huuza vitunguu vyake, na mwenye duka huuza sukari na chumvi. Ama mwajiriwa, bidhaa yake ni saa za umri wake. Vitunguu vikiisha, msimu ujao vitapandwa vingine. Saa ikiisha kuuzwa haioti tena. Kwa hiyo yatupasa, sisi wazazi na nyinyi vijana, tuijue biashara hii kabla ya kuingia, tusije tukauza kwa hasara na huku twadhani tumepata faida.

Biashara hii si ngeni katika nchi yetu ya Morogoro. Zama za Wajerumani, na baadaye za Waingereza, mashamba ya mkonge yalienea pande za Kilosa na Kimamba, na watu walitoka mbali kuja kuukata. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba yake kuliko kwa jina la babake. Mfanyakazi alipewa kipande, nacho ni kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Kila siku aliyotimiza kazi ilitiwa alama, na mshahara aliungoja mpaka kadi ijae. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuwatafuta watu hao, ikaitwa SILABU. Hata neno kibarua asili yake ni barua ndogo, yaani kile cheti cha siku. Mtu ameitwa kwa jina la karatasi iliyohesabu siku zake!

Leo hapa Dumila, barabara kuu iendayo Dodoma inapoachana na njia ya Kilosa, vijana wetu hubeba magunia, hupalilia mashamba ya watu, na huendesha pikipiki za watu kwa hesabu ya kila siku. Wengine huenda Turiani kukata miwa ya kiwanda cha Mtibwa. Hapana aibu katika hayo. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba Nabii Daudi alikula kwa kazi ya mikono yake.

Naye Nabii Musa aliajiriwa. Kisa chake kimo katika Sura ya Al-Qasas: alipatana na yule mzee wa Madyan kumtumikia miaka minane ili amwoze binti yake, na kama Musa angetimiza kumi, hiyo ingekuwa hisani yake mwenyewe. Mzee akaongeza kuwa hataki kumtaabisha. Tazameni mapatano hayo: muda umetajwa, ujira umejulikana, na ziada ni kwa hiari. Mambo matatu haya ndiyo yanayokosekana kwa vijana wengi, maana huambiwa, "Njoo tu, tutaelewana," na jioni hakuna kuelewana.

Wanavyuoni wa fikihi wamewagawa waajiriwa mafungu mawili. Wa kwanza huajiriwa kwa kazi maalumu, kama fundi ashonaye kanzu au mtu apewaye ng'we ya kulima. Akiimaliza, yu huru. Wa pili huajiriwa kwa muda, kama mlinzi au karani, na muda ule ni haki ya mwajiri. Akilala au akashinda na simu yake, amekwiba alichokwisha kukiuza. Lakini maulamaa wetu wa Kishafii wamesema kuwa nyakati za Sala za faradhi hazimo katika mauzo hayo, wala mshahara haupunguzwi kwa ajili yake.

Sheria ya nchi nayo imeweka mipaka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema kwamba saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa juma. Saa za ziada ni kwa mapatano, na kila moja hulipwa kama saa moja na nusu. Afanyaye kazi zaidi ya saa 5 mfululizo apumzike saa moja, na kwa mwaka apate likizo ya siku 28. Mtoto aliye chini ya miaka 14 haajiriwi kabisa. Wanaowatoa watoto chuoni wakati wa mavuno ili wakabebe mizigo na walikumbuke neno hili.

Sasa na tufanye hesabu. Saa 45 kwa juma, kwa majuma 48, ni saa 2,160 kwa mwaka. Kwa miaka 30 ni saa 64,800. Hiyo ni karibu robo ya maisha yote ya mtu katika miaka hiyo, usiku na mchana, na ndiyo robo iliyo na nguvu nyingi. Aongezaye kazi juu ya kazi bila kipimo, zile za ziada hazitoi hewani: huzitoa katika usingizi wake, katika ibada yake, na katika haki ya mkewe na watoto.

Sisi tufundishao chuoni twayaona matokeo yake. Tukiwauliza watoto ni nani aliyewafundisha Alhamdu nyumbani, wengi hujibu kuwa ni bibi. Baba hutoka alfajiri, hurudi wamelala. Amewanunulia viatu, naye hajui wamefika sura gani.

Basi kijana, kabla hujaanza kazi, uliza muda na ujira, na uombe yaandikwe. Kisha utenge saa usizouza kwa bei yoyote: Sala, walau mlo mmoja na watu wako, na kujifunza jambo moja jipya. Na katika mshahara weka akiba, hata kama ni ndogo, uje ununue cherehani, au jembe na eneo la kulima, ili mwaka mmoja uuze ulichokitengeneza badala ya kujiuza siku kwa siku.

Nawe mwajiri, tumeamrishwa tumlipe mtu ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Magunia yakisha kupakiwa, usimwambie arudi kesho. Kesho yake ataitumia kuja kudai ya jana, na siku hiyo hakuna atakayemlipa.