Tangi la Samaki Darasani: Maji Kwanza, Samaki Baadaye

Mwanafunzi akiambiwa kwamba darasa lake litafuga samaki katika tangi la kioo, huuliza mara moja: samaki gani? Swali hilo ni zuri, lakini si la kwanza. Samaki wengi wanaokufa katika matangi mapya huuawa na maji yenyewe. Maji hayo huwa maangavu, hayana harufu, na mtu akiyatazama hudhani kuwa ni safi kabisa. Kumbe ndani yake imekusanyika sumu iliyotokana na samaki wenyewe. Kwa hiyo kazi ya mfugaji wa samaki huanza wiki kadhaa kabla ya samaki kuwasili.

Katika makala haya tutaeleza jinsi ya kutayarisha tangi la kwanza la samaki wa maji baridi, yaani maji yasiyo ya chumvi. Mfano wetu ni Maramba, chini ya milima ya Usambara Mashariki, wilayani Mkinga, mkoa wa Tanga. Katika nchi za baridi tangi la samaki wa joto huhitaji kifaa cha umeme cha kupashia maji. Nyanda za chini za Tanga hazina shida hiyo, kwani nyuzi 24 hadi 28 za Selsiasi, ambazo samaki hao huzipenda, hupatikana kwa hewa ya kawaida. Faida nyingine ni kwamba nyanda hizi zina samaki wa asili ambao maisha yao ni miongoni mwa maajabu ya elimu ya viumbe.

KUTENGENEZA TANGI

Tangi linalofaa darasa ni lenye urefu wa sentimeta 60, upana wa sentimeta 30 na kimo cha sentimeta 30. Ujazo wake ni lita 54. Vioo vya unene wa milimita 6 vinatosha, navyo huunganishwa kwa gundi ya silikoni isiyotiwa dawa ya kuua kuvu, maana dawa hiyo hudhuru samaki. Baada ya kuunganisha, tangi liachwe likauke kwa siku mbili au tatu, ndipo lijazwe maji nje ya darasa ili kuona kama linavuja.

Meza nayo ipimwe nguvu zake. Vioo peke yake vina uzito wa kadiri ya kilo 11. Vikiongezwa maji na mchanga, mzigo wote hufikia kadiri ya kilo 70. Tangi lisiwekwe dirishani penye jua kali. Jua hupandisha joto kupita kiasi, tena hustawisha mwani hata kioo kikawa kijani. Juu pawe na kifuniko kinachopitisha hewa, kwa sababu samaki wengi wadogo huruka.

MCHANGA NA NDIMU

Mchanga wa chini ya tangi huweza kubadili kemia ya maji yote. Mchanga mweupe wa ufukweni, wenye vipande vya matumbawe na makombe, una kalisi kabonati. Kemikali hiyo huyeyuka polepole, huongeza ugumu wa maji na kupandisha pH. Miamba ya Usambara Mashariki ni ya namna nyingine. Ni miamba mikongwe iliyogeuzwa na joto na mgandamizo, na mchanga wa mito inayotoka huko una chembe nyingi za kwazi zisizoyeyuka katika maji.

Kuutambua mchanga ni rahisi. Weka kijiko kimoja katika kisahani, kisha kamulia ndimu au tia siki. Ukitoa povu, una kabonati, nao haufai. Usipotoa povu, uoshe mara nyingi mpaka maji yatoke maangavu, ndipo uutandaze tangini kwa kina cha sentimeta 4 au 5.

MAJI NA HADHARI YA KICHOCHO

Maji ya bomba aghalabu hutiwa klorini. Yawekwe katika ndoo iliyo wazi kwa saa 24 au zaidi, nayo klorini nyingi itatoka hewani. Maji ya kisima safi yanafaa. Maji ya vijito vinavyopita katika mashamba yanayonyunyiziwa dawa za wadudu yaepukwe kabisa.

Hapa hapana budi kutoa onyo. Mkoa wa Tanga ni mmojawapo wa mikoa yenye ugonjwa wa kichocho. Vijidudu vya kichocho hutoka katika konokono wa majini, huogelea, na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini. Kwa hiyo mwanafunzi asiingie bwawani wala mtoni kutafuta samaki au mimea. Atumie wavu wenye mpini mrefu akiwa amesimama pakavu, na mwalimu awepo. Konokono wa porini wasiletwe darasani. Vijidudu hivyo visipompata mtu hufa upesi; maji yaliyohifadhiwa kwa saa 48 bila konokono huwa yamekwisha kupoteza hatari hiyo. Mimea kutoka bwawani ikaguliwe kwa makini ili yasibaki mayai ya konokono, kisha itengwe katika ndoo kwa muda huo huo. Anayeishika avae glavu za mpira.

SUMU ISIYOONEKANA

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake. Chakula kilichobaki na majani yaliyooza huongeza amonia hiyo. Mtoni huchukuliwa na maji mengi yapitayo, lakini katika lita 54 haina pa kwenda.

Amonia iliyomo majini ina sura mbili: amonia yenyewe, ambayo ni sumu kali, na ioni ya amoni, ambayo madhara yake ni madogo. Uwiano wake hutegemea pH na joto. Katika nyuzi 25, maji yenye pH 7 huwa na sehemu ndogo tu ya sumu, kadiri ya nusu ya asilimia 1 ya jumla. pH ikipanda hadi 8, sehemu hiyo hufikia kadiri ya asilimia 5, yaani mara kumi hivi. Hii ndiyo sababu tulijishughulisha na ndimu na mchanga.

Mkombozi wa samaki ni viumbe vidogo mno wanaoishi juu ya mchanga, vioo na kichujio. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa kidogo, na ambayo mimea huitumia kama mbolea. Vitabu vingi vya shule huwataja bakteria wa Nitrobacter katika hatua ya pili. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba katika matangi ya samaki kazi hiyo hufanywa hasa na bakteria wa jamii ya Nitrospira. Mwaka 2015 wataalamu walitangaza kwamba wamo Nitrospira wanaoweza kufanya hatua zote mbili peke yao, na baadhi yao walipatikana katika kichujio cha mfumo wa kufugia samaki.

Viumbe hao huongezeka polepole, kwa hiyo tangi jipya hungojewa wiki 4 hadi 6. Mwalimu atie maji, mchanga na mimea, kisha kila siku adondoshe chembe chache za chakula cha samaki. Zikioza zitatoa amonia ya kuwalisha bakteria. Konzi moja ya mchanga kutoka katika tangi la zamani lenye samaki wazima itaharakisha kazi. Vipo vifaa vya kupimia amonia na nitriti. Vyote viwili vikisoma sifuri huku chakula kikiendelea kutiwa, tangi limekuwa tayari. Baada ya hapo, kila wiki robo ya maji ibadilishwe. Sponji ya kichujio isisuguliwe kwa maji ya bomba, kwa kuwa klorini itawaua bakteria. Ikamuliwe ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa tangini.

IDADI YA SAMAKI

Maji ya joto hubeba oksijeni chache. Katika nyuzi 20 lita moja ya maji huweza kushika miligramu 9.1 za oksijeni. Katika nyuzi 30 hushika miligramu 7.5 tu. Oksijeni huingia kupitia uso wa maji, hivyo kipimo kinachofaa ni eneo la uso huo. Wafugaji wengi hukadiria sentimeta 30 za mraba kwa kila sentimeta 1 ya urefu wa samaki. Tangi letu lina uso wa sentimeta za mraba 1,800, kwa hiyo linaweza kuchukua samaki wenye jumla ya urefu wa sentimeta 60. Hicho ni kikomo. Darasa linaloanza, hasa lisilo na umeme wa kuendesha pampu ya hewa, liridhike na nusu yake.

SAMAKI WA VIDIMBWI VYA PWANI

Sasa tunaweza kujibu swali la mwanafunzi. Perege huonekana kuwa chaguo rahisi, lakini hukua upesi, huchimbua mchanga na kupigana. Anayefaa zaidi ni samaki mdogo wa jamii ya Nothobranchius, mwenye urefu wa sentimeta 5 hivi. Mmoja wao, Nothobranchius palmqvisti, aliandikwa kisayansi mwaka 1907 na Mswidi Einar Lönnberg, naye huishi katika nyanda za pwani za kaskazini-mashariki ya Tanzania na kusini ya Kenya. Ndugu yake, Nothobranchius guentheri wa kisiwa cha Unguja, amefugwa katika matangi ya Ulaya kwa miaka mingi. Dume ana mkia mwekundu na magamba yenye kung'aa. Jike ni wa rangi ya udongo. Katika tangi letu wanatosha madume 2 na majike 4. Chakula chao bora ni viluwiluwi vya mbu, ambavyo darasa litavipata katika kopo la maji ya mvua. Kopo hilo limwagwe kila baada ya siku chache, tusije tukafuga mbu badala ya samaki.

Samaki hawa huishi katika vidimbwi vinavyojaa wakati wa mvua na kukauka kabisa wakati wa kiangazi. Kidimbwi kikikauka, wazazi wote hufa. Mayai waliyoyataga katika tope hubaki hai, na viinitete ndani yake husimamisha ukuaji, hata kwa miezi mingi. Mvua zikirudi, mayai huanguliwa na samaki wachanga hukimbizana na wakati. Katika vidimbwi vya Msumbiji, watafiti walitangaza mwaka 2018 kwamba Nothobranchius furzeri huweza kupevuka katika muda wa siku 14 au 15 tu. Kwa sababu ya ufupi wa maisha yake, samaki huyo hutumika katika maabara za dunia kuchunguzia uzee. Mpangilio wa jeni zake ulitangazwa mwaka 2015.

Darasa linaweza kuyaona haya kwa macho. Weka tangini bakuli lenye makumbi ya nazi yaliyosagwa, yakachemshwa na kusuuzwa. Samaki watataga humo. Baada ya wiki mbili, yatoe makumbi, yakamue yabaki na unyevu tu, yafunge katika mfuko wa plastiki na kuandika tarehe. Baada ya miezi 3 hivi, yatie katika maji. Mayai yaliyo tayari huanguliwa ndani ya saa chache. Mengine hayatafunguka; yakaushwe tena na kungojewa. Tofauti hii ina manufaa makubwa. Mvua ya kwanza huweza kuwa ya kudanganya, ikajaza kidimbwi kwa siku chache tu. Kama mayai yote yangefunguka siku moja, kizazi chote kingeangamia.

AMANA YA KIDIMBWI

Kidimbwi kinachokauka kila mwaka huonekana hakina thamani. Hufukiwa kwa ajili ya barabara, shamba au nyumba, na mtu anayekifukia wakati wa kiangazi hajui kwamba amefukia samaki. Kwa hiyo shule ichukue samaki wachache mno, na kabla ya kuwachukua imwone Afisa Uvuvi wa wilaya, kwa kuwa uvuvi nchini huongozwa na Sheria Na. 22 ya mwaka 2003.

Jambo la mwisho ni zito zaidi. Samaki wa tangini, awe wa dukani au wa kidimbwi kingine, asiachiliwe mtoni kamwe. Perege aitwaye Oreochromis korogwe, aliyepewa jina hilo na Bi Rosemary Lowe mwaka 1955, ni wa asili katika mito ya Pangani na Zigi. Perege wa kigeni waliopandikizwa katika maji mengi ya Tanzania, akiwamo sato, hushindana na perege wa asili, tena huweza kuzaliana nao hata nasaba ya asili ikapotea. Ndoo moja iliyomwagwa kwa huruma huweza kuharibu kilichojengwa kwa maelfu ya miaka. Asiyeweza kuendelea kufuga na awape samaki wake wafugaji wengine.

KAZI KWA WANAFUNZI

1. Tangi lina urefu wa sentimeta 80, upana 35 na kimo 40. Kokotoa ujazo wake na idadi ya samaki wa sentimeta 5 wanaoweza kukaa humo, ukitumia nusu ya kikomo.

2. Jaribu kwa ndimu mchanga wa mto, mchanga wa ufukweni na ganda la yai lililopondwa. Eleza unachokiona kwa mlinganyo wa kikemia.

3. Pima joto la maji ya tangi saa 1 asubuhi, saa 8 mchana na saa 12 jioni kwa siku saba, uchore grafu. Ni saa ngapi samaki wamo katika hatari kubwa zaidi ya kukosa oksijeni? Je, mimea inayopumua usiku hubadili jibu lako?

4. Waulize wazee wa kijiji chenu ni vidimbwi vipi vilivyokuwa vikijaa wakati wa masika na vuli, na vingapi vimebaki.